Naumia Upande Huu

Klementina alirudi nyumbani adhuhuri kuchukua dumu la maji, akamsikia mama mkwe wake anaongea chumbani.

"Nigeuzeni," sauti ilisema, kwa Kisukuma cha kizee, cha kuvuta. "Naumia upande huu."

Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Kijiji chote, huku kwetu upande wa Migato, kilikuwa mashambani, na mbwa nao walikuwa wamewafuata wenyewe huko. Klementina aliweka dumu chini, akajibu, "Nakuja, mama," akaanza kukunja mikono ya gauni kama alivyozoea. Alikuwa ameshagusa mlango alipokumbuka kwamba Mama Apolonia alizikwa tangu wakati wa palizi, na kwamba kaburi lenyewe liko pale nyuma ya zizi, akigeuza shingo tu analiona.

Sasa wewe uliyekaa hapo kwenye kiti usijifanye shujaa. Ungekimbia. Klementina hakukimbia kwa sababu miguu ilikataa, si kwa sababu nyingine. Alisimama palepale, jasho la shambani likimgandia mgongoni, akakisikia kile kikohozi kidogo ambacho marehemu alikuwa anakiweka kila baada ya maneno mawili matatu, halafu ile pumzi ndefu, halafu yale yale tena: nigeuzeni, naumia upande huu.

Akasukuma mlango. Kwenye kitanda cha marehemu, juu ya kamba tupu zisizo na godoro, alikuwa amekaa Kija, binti yake, amejikunja, uso kauelekeza ukutani. Midomo iliyokuwa inacheza ni ya Kija, sauti iliyokuwa inatoka ni ya bibi yake, na chumbani humo hapakuwa na mtu mwingine.

Ngoja kwanza niwaeleze Kija ni nani, maana huko nje watu wameshamsema sana na wengi wao hawajawahi hata kumpa kikombe cha maji.

Kija ni mtoto pekee wa Klementina. Baba yake alifariki binti akiwa bado anabebwa mgongoni, na Klementina akabaki hapo hapo kwenye mji wa mama mkwe wake, akilima pamba na mahindi pamoja na shemeji yake mkubwa, Maduhu, na mkewe Justina. Mtoto alikuwa mzuri wa sura, macho makubwa, lakini hasemi. Wenzake waliongea, wakaanza kutukanana, wakaanza kuchunga mbuzi, yeye kimya. Wakasema ni bubu. Halafu siku moja, wamekaa uwanjani wanachambua pamba, Kija akafungua kinywa akapaza sauti nzito ya kiume: "Leta mzigo! Leta mzigo hapa!"

Ilikuwa sauti ya karani wa mizani kule kwenye chama cha msingi, haikupungua wala kuzidi, hata ule ukali wake wa kuwaharakisha wakulima ulikuwemo. Watu walicheka mpaka wakalala chini. Klementina alicheka na yeye, huku analia, maana alidhani sasa mlango umefunguka, kesho ataitwa mama.

Hakuitwa. Kija aliendelea kuongea, ila maneno yake yote yalikuwa ya watu wengine, mazima mazima, na sauti zao. Alitoa taarifa ya habari ya redio. Alimtoa katekista akiongoza sala. Alimtoa nesi wa zahanati anayegombeza akina mama waliochelewa. Wahuni wa kijiji wakampa jina, redio ya Klementina, wakawa wakikutana naye njiani wanamwambia abadilishe stesheni. Ukimwuliza Kija umekula, anakujibu umekula. Akitaka uji anakwambia, "Unataka uji?" huku anatazama kuku, na wewe mjinga unamjibu hapana, nimeshiba, unaondoka na sufuria.

Mwalimu mmoja wa Bariadi, anayefundisha watoto wenye mahitaji maalumu, alipita kijijini kwa mambo ya sensa ya shule, akakaa na Kija nusu siku. Akamwambia Klementina kwamba hali hii inaitwa usonji, si laana wala si ujinga, na kwamba wapo watu wengi wa namna hii ambao wanabeba maneno waliyoyasikia bila kuyavunja, kisha wanayatumia kwa shida zao wenyewe. Usiangalie maneno peke yake, alimwambia, angalia anayasema wakati gani.

Klementina akaanza kuangalia. Na kweli, taratibu akaanza kumsoma mwanawe. "Leta mzigo" ilikuwa njaa, kwa sababu siku ya kwanza kupelekwa kwenye mizani alinunuliwa maandazi, na Kija hakuwahi kuyasahau maandazi yale. "Tusimame," ya katekista, ilikuwa na maana kwamba kelele zimemzidi, nitoeni hapa. "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari" ilikuwa raha, tumbo limejaa, dunia iko sawa. Mtu mwingine aliyeyajua haya alikuwa bibi, Mama Apolonia, na yeye hakufundishwa na mwalimu yeyote, aliyajua tu.

Lakini palikuwa na jambo lililomwuma Klementina, na alilisema waziwazi kwa mama mkwe wake. Kija alichukua sauti ya kila mpita njia, ila hakuwahi kuchukua sauti ya mtu wa nyumbani. Hakumchukua Maduhu. Hakumchukua bibi. Hakumchukua mama yake mzazi, hata neno moja. Na la pili, ambalo lilikuwa linamkosesha usingizi: nikifa mimi, nani atamsikia huyu? Mama Apolonia alikuwa anamjibu, "Si nipo," kana kwamba yeye ndiye kijana na Klementina ndiye mzee.

Haya. Mama Apolonia akaugua. Alilala kitandani tangu mvua za kwanza mpaka palizi, ngozi ya nyonga ikachubuka ikawa kidonda, na kazi ya Klementina ikawa kumgeuza. Kija alikaa miguuni pa kitanda kutwa, anamenya karanga, hasemi kitu. Kila akiumia, bikizee alisema maneno yale yale, nigeuzeni, naumia upande huu, na Klementina alikunja mikono ya gauni akamgeuza. Mpaka siku alipokata kauli.

Kabla ya hapo alikuwa amemwita Maduhu, mwanawe wa kwanza, akamwambia kwamba wanawake wa ukoo wake hulazwa kwa ubavu, uso ukiangalia mji wao. Usinilaze chali kama gogo, alimwambia. Maduhu akasema ndiyo, mama. Kisha mama akafa, jumuiya ikaja na jeneza zuri, katekista akaja na kitabu, watu wakajaa, na Maduhu, ambaye ni mjumbe wa baraza la kanisa na anapenda sana kuonekana mjumbe wa baraza la kanisa, akaona aibu kusema. Mama akalazwa chali, kifuniko kikapigwa misumari, udongo ukarudishwa. Tangu siku ile Maduhu alikuwa mtu wa kukaa peke yake zizini. Unamwita mara tatu ndiyo anasikia.

Sasa umeelewa kwa nini mji mzima ulitetemeka.

Wa pili kuisikia sauti alikuwa Justina. Alikuwa amebeba ungo wa pamba kichwani, ungo ukaanguka, pamba ikasambaa uwanjani na hakuna aliyeiokota. Akaitwa Maduhu. Alikaa kwenye kigoda mlangoni pa chumba cha mama yake, akangoja. Kija akakohoa kale kakohozi. Akavuta ile pumzi. "Nigeuzeni. Naumia upande huu." Maduhu akavua kofia, akaiweka magotini, mwanaume mzima akaanza kulia bila hata kujifuta. "Mama, nisamehe," alisema. "Nilikuahidi."

Na Klementina, mbona hakukumbuka maneno ya mwalimu? Nami nimejiuliza hivyo hivyo. Kwa karani wa mizani aliyakumbuka, kwa katekista aliyakumbuka. Kwa marehemu yalimtoka yote. Ukishasikia sauti ya mtu uliyemwosha wewe mwenyewe kabla hajazikwa, akili inakimbia kwanza, elimu inabaki nyuma inatafuta viatu.

Habari ikatembea. Watu wakaanza kuja, wanasimama nje ya ua wa minyaa, wamama na watoto mgongoni, hawaingii na hawaondoki. Ilikuwa ajabu kuona umati mkubwa hivyo na usisikie hata mtoto kulia. Kija akitoka nje walirudi nyuma wote pamoja. Na alikuwa anatoka ameinama, mkono kaubana kiunoni, anaburuza hatua fupi fupi. Wakanong'onezana: mwoneni, hata mwendo ni wake. Akaletewa ugali na mlenda, akageuza uso. Wakasema marehemu hali ugali. Jua linawaka, yeye anatetemeka. Wakasema huo ni ubaridi wa kaburi. Kila kitu kilikuwa kinaingia mahali pake, na kadiri kilivyoingia ndivyo watu walivyozidi kuogopa, na Klementina akiwa mmoja wao. Alimfunika binti yake kwa kitenge cha bibi, akakaa mbali naye kidogo. Hilo la kukaa mbali ndilo lililokuja kumliza baadaye kuliko yote.

Maduhu alikwenda kwa mganga, bikizee mmoja wa ng'ambo ya Migato ambaye ukoo wao humwendea. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu kimoja, kama huyo binti anakula. Maduhu akamwambia hakuja kwa habari ya binti, amekuja kwa habari ya mama yake. Mganga akasema ni vibaya marehemu kuachwa hivyo, lakini nileteeni kwanza anayesema, nimwone kwa macho. Basi, Maduhu akarudi na nusu ya maneno, ile nusu aliyoitaka, kwamba marehemu asiachwe amelala vibaya. Katekista naye alikuja akasema kaburi halifukuliwi kama shimo la viazi, kuna Kanisa na kuna serikali. Maduhu akamjibu kwamba kaburi liko uwanjani kwake na aliyemo ni mama yake. Yule bwana akachukua baiskeli yake akaenda kuripoti, lakini alikokwenda ni mbali.

Asubuhi ya siku ya tatu, jua likiwa limeshapanda juu ya minyaa, wanaume wa ukoo walikusanyika nyuma ya zizi na majembe. Pombe ya mtama ilikuwa kwenye kibuyu. Maduhu alitaka Kija awepo, kwa sababu, alisema, mama akishalala vizuri sauti itatulia, na hapo ndipo tutajua tumemaliza. Wakamleta wamemshika huku na huku, wakamkalisha chini, na Klementina akaambiwa akae nyuma yake amwegemeze.

Maduhu akanyunyiza pombe. Akasema na udongo kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Mama, tumekuja kukugeuza.

Jembe la kwanza likaingia ardhini, na Kija akasema, "Nigeuzeni."

Jembe la pili. "Naumia upande huu."

Wakaanza kuchimba kwa zamu, na kila jembe likishuka, sauti ya Mama Apolonia inajibu kutoka kwa yule binti, na kikohozi chake, na pumzi yake, haraka zaidi na zaidi, mpaka ikawa huwezi kusema kama jembe linaifuata sauti au sauti inalifuata jembe. Wanawake waliokuwa wamekaa walisimama. Mwanaume mmoja akaacha jembe ndani ya shimo akaondoka moja kwa moja bila kuaga, mpaka leo hajaeleza. Ng'ombe zizini walikuwa wamejibana upande wa mbali. Shimo lilikuwa limefika magotini.

Klementina alikuwa amemkumbatia mwanawe kwa nyuma, amefumba macho, anaomba. Na kwa kuwa amefumba macho, mikono yake ndiyo iliyokuwa inaona. Ilikuwa imeushika mkono wa Kija, ule alioubana kiunoni. Mkono ulikuwa kulia. Chini, kulia, karibu na paja.

Akafumbua macho.

Miezi yote ile alikuwa anamgeuza mama mkwe wake. Alikuwa anapitisha mkono chini ya nyonga ya kushoto, taratibu, kwa sababu kidonda kilikuwa kushoto, akimlaza upande wa kulia apumzike. Mikono ya Klementina iliijua nyonga ile kuliko inavyojua mpini wa jembe. Mama Apolonia hakuwahi hata siku moja kuumia kulia.

Hapo yale ya mwalimu yakamrudia yote kwa mkupuo, na mengine nyuma yake. Akawaza tangu lini hajasikia "Leta mzigo." Akaona hakumbuki. Akaweka kiganja kwenye shingo ya Kija, akakiondoa, ilikuwa ya moto kama kikaango. Akapeleka mkono pale pa kulia, akabonyeza kidogo tu.

Kija akapiga ukelele. Haikuwa sauti ya bibi. Haikuwa ya karani, wala ya katekista, wala ya redio. Ilikuwa sauti ambayo Klementina alikuwa hajaisikia tangu siku alipomzaa, na aliitambua papo hapo.

"Shemeji, acha jembe," alisema.

Maduhu akainua uso kutoka shimoni. Udongo ulikuwa umemjaa kwenye nywele.

"Mama alikuwa anaumia kushoto," Klementina akamwambia. "Nimemgeuza mimi, kila siku, najua. Anayeumia hapa ni Kija."

"Na sauti, je?"

"Sauti ni ya mama. Maumivu ni ya mwanangu. Hana maneno mengine ya kusemea, shemeji. Hayo ndiyo aliyosikia mtu akiumia, basi ndiyo anayoyatumia. Siku zote hizi anatuambia, na sisi tunachimba."

Maduhu alitazama chini ya miguu yake, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa, kichwa kakiinamisha upande mmoja, na waliokuwa karibu wanaapa kwamba alikuwa anasikiliza. Halafu akalitupa jembe nje ya shimo, akapanda, akapiga simu kwa Fredrick wa bodaboda yeye mwenyewe, na kwa ukali ambao hatukuwa tumeusikia kwake tangu msiba.

Anayeijua barabara ile ya kwenda Bariadi wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa. Ni mashimo na vumbi, na lori la pamba likikupita huoni hata mikono yako. Fredrick mbele, Kija katikati, Klementina nyuma amewabana wote wawili kwa mikono na kitenge cha marehemu. Kila shimo Kija alisema maneno ya bibi yake, na kila aliposema, Klementina alimjibu sikioni, "Nimekushika. Siachii." Mwanzoni alisema ili kumtuliza binti. Baadaye alisema ili kujizuia yeye mwenyewe asipige kelele. Nimekushika, siachii, njia nzima, meno yakigongana kwa mtikisiko. Karibu na mjini sauti ya bibi ikapungua, ikawa pumzi tu, ikanyamaza. Klementina, aliyekuwa ameiogopa sauti ile kuliko kifo, akajikuta anaomba irudi.

Hospitalini daktari, msichana mdogo tu, alimwuliza Kija anaumwa wapi. Kija akamwuliza daktari anaumwa wapi. Klementina akaeleza upesi upesi, maneno yakimkanyagana mdomoni, kwamba mwanangu ana usonji, hataweza kukujibu, lakini siku hizi tatu amekuwa akisema nigeuzeni naumia upande huu, na upande wenyewe ni huu. Daktari hakucheka na hakuuliza sauti ni ya nani. Alibonyeza pale, akaachia ghafla, akamwona Kija alivyoruka, akasema ni kidole tumbo na huenda kimeshaanza kupasuka, aingie chumba cha upasuaji sasa hivi.

Klementina alikaa kwenye benchi na vumbi la safari kwenye kope. Alimwomba Mungu, na Bikira Maria, na kwa kuwa siku ile hakutaka kumwacha mtu nyuma, akamwomba na mama mkwe wake. Wakati fulani akasikia kikohozi kidogo mwisho wa korido, kile kile, na hakugeuka. Alisema moyoni, kama ni wewe mama, ingia ndani kwake, mimi niache.

Kija alipozinduka, midomo imekauka, macho hayajakaa sawa, kitu cha kwanza alichosema ni "Leta mzigo," kwa sauti nzito ya karani wa mizani. Nesi akaruka. Klementina akacheka na kulia kwa pamoja, kama siku ile ya kwanza uwanjani, mpaka akatolewa nje.

Kaburi lilifukiwa siku hiyo hiyo. Maduhu aliagiza misa, na baada ya misa, padri alipokwishaondoka, alinyunyiza pombe vilevile, wakamalizana yeye na mama yake wanavyojua wenyewe. Kijijini watu wamegawanyika mpaka leo. Wapo wanaosema ulikuwa ugonjwa na mazoea ya binti, basi. Wapo wanaosema Mama Apolonia alirudi kumwokoa mjukuu wake, kwa sababu bila sauti yake nani angemtazama Kija hata mara mbili? Mimi simo. Ninachojua ni kwamba tangu apone, Kija hajayasema tena maneno yale, na kitanda cha kamba hakikalii.

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri. Lakini kuna la mwisho.

Karibu na mvua za kwanza, watu wakiandaa mashamba, malaria ilimshika Klementina ikamlaza. Adhuhuri alikuwa peke yake ndani, anagugumia, nguo zimelowa, kichwa kinapasuka. Akasikia mwanamke anaongea upande wa pili wa ukuta.

"Nimekushika," yule mwanamke alisema. "Siachii."

Alidhani ni Justina. Kisha akaona sauti ile inatetemeka mahali pa ajabu, katikati ya neno, inaruka na kukatika kama mtu aliye juu ya pikipiki kwenye barabara mbovu, na nywele zikamsimama mwili mzima. Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa amelala kitandani, kinywa chake kimefungwa, na anajisikia anaongea chumba cha pili.

Kija aliingia. Hakumtazama usoni, hajawahi kumtazama mtu usoni. Alikaa miguuni pa kitanda, mahali pale pale alipokuwa akikaa kwa bibi yake, akanyoosha mkono akaushika mguu wa mama yake, yeye ambaye hagusi mtu kwa hiari. "Nimekushika," akasema tena kwa sauti ya Klementina. "Siachii."

Miaka yote Klementina alikuwa ameililia siku hiyo. Ilipokuja akajifunika shuka mpaka kichwani, maana alikumbuka kwamba mtu wa nyumbani wa kwanza kuchukuliwa sauti na Kija alikuwa ameshazikwa. Alilala humo ndani ya shuka anatetemeka, kwa homa na kwa hofu, na furaha nayo imo humo humo, na mkono wa mwanawe haukuachia.

Hakufa. Dawa ilifanya kazi, na mimi ni mtu wa kushukuru. Alipopata nguvu za kukaa alituma Maduhu na Justina waitwe, wakaja wakakaa, wakifikiri anataka kuzungumza habari ya mbegu.

"Shemeji, na wewe dada," aliwaambia, "siku moja mtanizika. Na baada ya kunizika mtanisikia naongea humu ndani. Msije kaburini kwangu. Nendeni kwa Kija. Mshikeni paji la uso, mshikeni tumbo, mwangalieni mkono wake umeshika wapi. Mkinisikia mimi, jueni ni yeye anaita."

Maduhu alitikisa kichwa kukubali. Justina alisema amesikia.

Klementina akarudia. Akasema yote tena tangu mwanzo, polepole, kwa sauti safi, neno baada ya neno, na wale wawili wakashangaa kwa nini anarudia wakati wameshaelewa. Lakini hakuwa anawatazama wao. Alikuwa anatazama mlangoni, ambako Kija alikuwa amekaa anamenya karanga, kichwa kakiinamisha upande mmoja, anasikiliza.